Deki ya bei nafuu: mzazi aende dukani na CD zake

Chini ya runinga, kwenye nyumba nyingi, kuna boksi la viatu ambalo halina viatu. Ndani yake mna CD ya harusi ya mwaka 2008, ya kipaimara cha mtoto mkubwa, kwaya mbili tatu au maulidi, filamu za marehemu Kanumba na marehemu King Majuto, na katuni ambazo mtoto wa kwanza alizitazama mpaka zikachubuka. Baadhi ya watu waliomo kwenye ile CD ya harusi wameshatangulia mbele ya haki. Bibi anaonekana akicheza, kanga kiunoni, anashika kipaza sauti na kusema maneno mawili ya kuwausia maharusi. Huenda hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki katika familia.

Deki ndiyo imekufa. Inawaka taa, inazungusha, inaandika "NO DISC", inatema. Wadogo wamehamia kwenye simu ya mama na bando linaisha kabla ya wiki. Waliokua kidogo, Jumamosi hawaonekani. Wapo kibanda umiza, kwenye benchi pamoja na watu wazima, wakitazama chochote ambacho mwenye kibanda ameamua kuweka. Ndipo baba na mama wanakubaliana kutenga fedha ya deki nyingine, na ikiwezekana muziki wa kuifanya sebule iwe sinema ndogo ya familia.

Mambo huharibikia dukani. Iwe Kariakoo au Mwanjelwa, muuzaji anajua kazi yake. Deki ya kawaida ameiweka rafu ya chini, bila umeme. Mbele ya mlango kuna hom thieta yenye spika tano, sabufa na taa zinazobadilika rangi, inapiga mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Mzazi aliyetoka nyumbani na laki moja anajikuta anauliza kama anaweza kuacha kitu kidogo na kumalizia mwisho wa mwezi, mwezi uleule wenye ada na sare za shule. Akifika nyumbani, CD ya harusi haisomi.

Kinga ya hayo haina gharama. Mzazi abebe CD zake mwenyewe, nne au tano, azipeleke dukani, na asitoe fedha mpaka zote zimecheza mbele ya macho yake. Deki nzuri kwa familia hii ni ile inayosoma boksi lao la viatu. Maneno yaliyoandikwa kwenye katoni ni ya mtengenezaji.

Zichaguliwe kwa akili. Mtaani zote huitwa CD, na kwa macho zinafanana, kila moja ina upana wa sentimeta 12. Lakini kuna VCD, kuna DVD na kuna Blu-ray. VCD ni CD ya kawaida iliyobebeshwa video. Inabeba kiasi cha saa moja na robo tu, na picha yake ni hafifu. Kwaya nyingi, taarabu na filamu za Kibongo za miaka ile zilitoka kwa mtindo huo. DVD ya kawaida inabeba GB 4.7, kiasi cha saa mbili za picha nzuri. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, inaanzia GB 25. Data zake zimeandikwa kwa vialama vidogo mno ambavyo mwanga mwekundu wa deki ya DVD hauwezi kuviona. Zinahitaji mwanga wa buluu. Kwa hiyo deki ya DVD haitasoma Blu-ray hata siku moja, hata fundi aisafishe vipi.

Deki ya Blu-ray, kwa upande wake, inasoma DVD bila taabu. Hapo ndipo wengi hudhani kwamba aliyenunua ya ghali amemaliza kila kitu. Sivyo. Zipo deki za Blu-ray zisizosoma VCD kabisa. Familia ambayo nusu ya boksi lake ni kwaya za VCD inaweza kutumia fedha mara tatu ikapata kifaa kinachokataa nusu ya mali yake. Nyumba isiyo na Blu-ray hata moja, na nyumba nyingi ziko hivyo, haina sababu ya kununua deki ya Blu-ray.

Kati ya CD za kupeleka dukani, muhimu kuliko zote ni zile zilizochomwa na mpiga picha wa harusi, zenye maandishi ya kalamu juu yake. CD ya kiwandani ina rangi ya fedha chini na hurudisha mwanga vizuri. Iliyochomwa ina rangi ya zambarau au kijani kwa chini, inarudisha mwanga kidogo zaidi, na rangi hiyo huendelea kuchoka kadiri miaka inavyopita. Deki yenye jicho dhaifu itacheza filamu ya dukani vizuri kabisa, kisha ikwame kwenye harusi. Muuzaji akijaribu deki kwa CD yake mwenyewe hajathibitisha lolote.

Jaribio lenyewe lisiwe la dakika moja. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na ubovu mwingi huonekana mwishoni. Mzazi aruke hadi robo ya mwisho ya filamu aone kama picha inagandaganda. Asikilize pia mlio. Deki inayokwaruza ndani ikiwa mpya itakuwa inakwaruza zaidi Krismasi ikifika.

Hapa ziingie zile CD za "filamu 20 kwa moja". Nyingi ni nakala za wizi, na COSOTA imekuwa ikipambana nazo miaka yote. Lakini hata mzazi asiyejali hilo apige hesabu: GB 4.7 zikigawanywa kwa filamu 20, kila filamu inapata kiasi cha MB 235. Ndiyo maana nyuso zinakuwa kama zimepakwa uji. Baba analaumu deki, anakwenda kununua ya bei kubwa yenye maandishi ya "1080p" au hata "4K" kwenye katoni, na nyuso zinabaki na uji wao. Deki ya DVD inaweza kuikuza picha ijae kwenye skrini kubwa, ila haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikurekodiwa. Runinga ya kisasa nayo inafanya ukuzaji huohuo yenyewe, kwa hiyo mtu analipia mara mbili kazi moja.

Kabla ya kutoka nyumbani, mzazi apige picha ya nyuma ya runinga kwa simu yake. Ni jambo dogo linalookoa safari ya pili. TV ya chogo ina matundu matatu ya AV, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Runinga bapa zina HDMI, lakini mara nyingine tundu moja limeshakaliwa na king'amuzi na la pili halipo. Nyingine mpya hazina tena matundu ya rangi, zina kitundu kimoja chembamba kinachohitaji waya wake maalumu. Deki ya DVD yenye HDMI na AV kwa pamoja ndiyo inayomfaa mzazi ambaye leo ana chogo na anatarajia bapa mwakani. Deki nyingi za Blu-ray za miaka ya karibuni hazina tundu la njano, na mwenye chogo akiinunua atapata kifaa cha kutazama taa.

Wajomba na mashangazi walio nje nao waambiwe mapema, maana zawadi zao ndizo huleta mkanganyiko. Filamu za DVD huwekewa namba ya ukanda. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni 5, Ulaya na Afrika Kusini ni 2, Marekani na Kanada ni 1. Deki nyingi za bei ndogo zinazouzwa hapa zinacheza kanda zote. Za majina makubwa mara nyingi zimefungwa. Hivyo katuni ambazo shangazi amenunua London zinaweza kukataliwa na deki ya gharama na kuchezwa na ya kawaida. Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine, Afrika na Ulaya ziko pamoja katika ukanda B, Marekani iko A. Na deki yenyewe ikitoka Marekani, kabla ya kuichomeka kwenye umeme isomwe kibandiko cha nyuma. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiua siku hiyohiyo, mbele ya watoto waliokuwa wamekaa mkao wa kula. Iliyoandikwa 100-240V haina neno.

Sasa muziki. Hapo ndipo laki huyeyuka.

Kwenye katoni la hom thieta au sabufa kumeandikwa wati 5,000, wakati mwingine 10,000. Pembeni, kwa herufi ndogo, kuna neno PMPO. Hicho si kipimo kinachosimamiwa na mtu yeyote. Kila kiwanda hujiandikia namba inayopendeza. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kutoa mfululizo bila kuumia. Kama RMS haikuandikwa, mzazi ageuze kifaa asome kibandiko cha umeme. Kifaa kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti saa nzima, kama vile ndoo ya lita 20 isivyoweza kujaza simtanki. Kwa sebule ya nyumba ya kupanga, wati 20 hadi 40 za kweli zinatosha kumfanya jirani agonge ukuta.

Halafu kuna hizo spika tano. Zina maana pale tu CD inapokuwa imerekodiwa kwa njia tano na ya sabufa, jambo linalopatikana kwenye DVD halisi za filamu kubwa, zenye alama ya Dolby Digital 5.1 nyuma ya jalada. VCD ina njia mbili tu, kushoto na kulia. Vivyo hivyo kwaya, video za harusi na filamu nyingi za nyumbani. Zikichezwa kwenye spika tano, za nyuma ama hukaa kimya au hurudia kilekile cha mbele. Kinachoongezeka kwa hakika ni nyaya zinazopita chini ya zulia, na mtoto anayetambaa huzipata hata zikifichwa.

Kwa familia ya kawaida, deki ya DVD ya kawaida na sabufa yenye spika mbili ni chaguo bora kuliko hom thieta ya bei ileile. Sababu ya kwanza ni sauti, kwa kuwa fedha imeingia kwenye spika mbili za maana badala ya kugawanywa kwenye vispika vitano vyepesi kama kopo la bluu bendi. Ya pili huonekana baada ya miaka miwili, jicho la deki linapochoka. Mwenye vitu viwili atabadilisha deki peke yake, sabufa ibaki. Mwenye hom thieta yenye deki ndani anabeba boksi zima kwa fundi, na mara nyingi spika zake zina vichwa vya waya visivyoingia kwenye kifaa kingine. Kuunganisha hakuhitaji fundi. Waya wa HDMI au wa njano uende kwenye runinga, nyeupe na nyekundu ziende moja kwa moja kwenye sabufa.

Hom thieta iwe ya nani basi? Ya mwenye sebule kubwa, nyumba yake mwenyewe, DVD halisi za kutosha, na mke au mume aliyekubali mapema mahali pa kuweka spika za nyuma.

Watoto watauliza kuhusu flashi. Karibu deki zote za leo zina tundu la USB, na wauzaji hulitaja kama vile limemaliza ubishi. Deki za bei ndogo husoma mitindo ya zamani ya video na hushindwa na mingi ya sasa. Video iliyorekodiwa kwa simu inaweza kuishia na jina mp4, ikafunguka kwenye kila simu nyumbani, na bado deki ikaikataa au ikatoa sauti bila picha. Nyingi pia zinataka flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, na mtindo huo haubebi faili moja linalozidi GB 4. Kwa hiyo pamoja na CD zake, mzazi abebe flashi yenye video mbili: moja ya simu, nyingine ya zile watoto wanazopakua. Kabla ya hapo aangalie kama runinga yake ina USB. Runinga bapa nyingi zinasoma flashi vizuri kuliko deki, na hapo mzazi hana haja ya kuongeza senti kwa sababu ya tundu hilo.

Mtumba si dhambi. Deki iliyotumika Ulaya inaweza kuwa imara kuliko mpya ya jina lisilojulikana. Lakini jicho lake limeshafanya kazi, na hakuna anayejua saa ngapi. Jaribio la CD za kuchomwa ndilo litakalosema. Ikisoma taratibu sana, ikihitaji kufunguliwa na kufungwa mara tatu, au muuzaji akianza kuisifia wakati inatafuta, iachwe. Kwa mpya, risiti ya EFD na waranti yenye muhuri wa duka viulizwe kabla ya kuonyesha fedha. Jina nalo lisomwe herufi kwa herufi, maana bidhaa bandia hupenda kubadilisha herufi moja tu.

Kuhusu LUKU, deki haina lawama. Deki ya wati 10 huchukua saa 100 kumaliza uniti moja. Runinga na sabufa ndizo zinazokula. Hatari iko kwenye umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Kinga ya umeme ya bei ndogo, inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kuingia, ni fedha iliyotumika vizuri kuliko taa za rangi. Deki isiwekwe juu ya king'amuzi, kwa sababu joto la kimoja linampikia mwenzake.

Wapo wazazi wanaofurahi kusikia kwamba deki ina kufuli la watoto. Ni kweli, DVD ina ngazi 1 hadi 8 na namba ya siri. Lakini kufuli hilo husoma alama iliyowekwa ndani ya CD na mtengenezaji. CD nyingi za hapa nyumbani, na zote za kudurufiwa mitaani, hazina alama hiyo, na deki itazicheza bila kuuliza. Jalada la katuni linaweza kuwa na kitu kingine ndani. Mzazi atazame dakika za mwanzo, za katikati na za mwisho kabla ya kuiacha sebuleni. Na kwa kuwa sebule sasa itakuwa na ushindani na kibanda umiza, ni vizuri wale wakubwa waruhusiwe kuchagua filamu ya Jumamosi kutoka kwenye zilizokwisha kutazamwa na mzazi, hata kama ni ileile ya ngumi kwa mara ya nne.

Deki mpya ikishafika, kazi ya kwanza ni harusi. CD ifutwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kamwe isiwe kwa kuzungusha. Kisha ipelekwe steshenari yenye kompyuta inayosoma DVD, inakiliwe kwenye flashi, na nakala nyingine apewe ndugu anayekaa nyumba tofauti. Kampuni zinazotengeneza deki zinapungua, Samsung ilitangaza mwaka 2019 kuacha kuingiza deki mpya za Blu-ray soko la Marekani, na kompyuta mpya nyingi haziji tena na sehemu ya CD.

Mwisho ni rimoti. Deki nyingi siku hizi zina vitufe viwili tu mbele, na bila rimoti hakuna namna ya kuingia kwenye mipangilio, kubadili lugha wala kuweka hilo kufuli. Mzazi amuulize muuzaji kama rimoti ya ziada inapatikana na ni shilingi ngapi. Jibu likiwa "hiyo haipatikani", achague deki nyingine, kwa sababu nyumba yenye mtoto wa miaka miwili rimoti moja haimalizi mwaka.